Kabale hadi Kisoro: lami ni nzuri, mtihani ni kushuka

Ukitoka Kampala kwa njia ya Masaka na Mbarara, ukifika Kabale umeshakula kilomita zaidi ya 400 na mwili unataka kuamini kwamba safari imeisha. Zimebaki kama 80 kufika Kisoro, na hizo ndizo zinazompima dereva na gari lake. Gari dogo lipe saa moja na nusu hadi mbili. Fuso yenye viazi mgongoni ipe tatu, na usiibane.

Lami yenyewe tunaisifu bila kusita. Zama za murram, yaani barabara ya udongo na changarawe, mvua ya siku moja ilitosha kulaza malori njiani. Leo taksi inafika Kisoro mchana na kurudi Kabale kabla ya giza. Kutoka Kabale hadi Hamurwa ni vilima vilivyolimwa kwa matuta mpaka kileleni, kona zikifuatana, boda na watoto wa shule pembeni. Kipande hicho kinataka subira tu. Kisha unashuka Muko, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Bunyonyi, ambako maji yake hutoka kwa mto Ruhezamyenda kuelekea ziwa Mutanda upande wa Kisoro. Wanaokwenda Rushaga kuona gorila wa msitu wa Bwindi hukatia Muko. Wengine wote wanaanza kupanda.

Msitu wa Echuya, wenye mianzi mingi, unapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) ikifika Echuya hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyoizoea mjini. Usiichukulie kuwa mbovu, punguza gia mapema. Jambo la pili linasahaulika zaidi: kwenye urefu huu maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko unaobana mgandamizo. Mfuniko uliolegea mpira unaweza kuvumilika Mbarara, lakini kwenye mlima huu utakuachia maji yote. Ubadilishe kabla ya safari, bei yake ni ndogo kuliko gasketi ya silinda hedi.

Asubuhi na usiku Echuya hushikwa na ukungu. Washa taa za chini, kwani za juu hugonga ukungu na kukurudia machoni. Ushauri wetu ni kuvuka kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Jaza mafuta Kabale au Kisoro, usitegemee kituo cha katikati.

Sasa Kanaba, kipito cha mlimani kabla ya kushuka Kisoro. Ukifika pale milima ya Virunga inajitokeza mbele yako, Muhabura wenye mita 4,127 ukiwa mkubwa kuliko yote upande wa Uganda, na ni halali kabisa kusimama ukatazama. Simama mahali papana, si kwenye kona. Na kabla ya kuondoka, jiandae kushuka.

Kosa linaloua hapa ni kushuka kwa breki badala ya gia. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vyake (vipande vinavyoibana kwa ndani), viatu navyo hung'aa kama kioo na kuacha kushika. Kwenye gari la breki za mafuta, mafuta ya zamani yaliyonyonya unyevu hutoa mvuke, na pedali inazama mpaka chini. Ndiyo sababu mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama kopo bado limejaa. Lori la breki za upepo lisianze kushuka kabla geji haijapanda vizuri, baa 7 au 8, maana kila ukikanyaga upepo unatumika.

Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, au chini yake. Weka gia kileleni, si katikati ya mteremko: lori likishakamata kasi, gia ya chini haitaingia tena. Washa breki ya ekzosi, ile inayoziba moshi ili injini izuie gari, kama ipo. Kasi ikizidi, kanyaga kwa nguvu mpaka ipungue kama kilomita 10 kwa saa, achia, ngoja, rudia. Mguu usikae juu ya pedali. Na wale wanaoweka nyutro kuokoa mafuta wanajidanganya: injini nyingi za sasa zikiwa kwenye gia bila kukanyagwa hukata mafuta zenyewe, ilhali kwenye nyutro zinaendelea kunywa.

Ukisikia harufu ya viatu kuungua, tafuta pa kusimama sasa hivi. Weka mawe kwenye magurudumu, acha breki zipoe zenyewe hata nusu saa au zaidi. Usizimwagie maji, ngoma hupasuka.

Lawama yetu ni moja na tunaisema kwa uchungu: maji. Miteremko imelimwa, kuta zilizochongwa ni za wima, na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hulegeza udongo siku baada ya siku. Kalivati likiziba, maji huvuka lami, hukwangua ukingo wa upande wa bondeni na kuacha tope kwenye kona. Mitaro ingezibuliwa Februari na Agosti, kabla ya mvua, shida nyingi zingepungua. Ukiona vijiwe vipya barabarani, au maji ya tope yakitoka katikati ya ukuta badala ya mtaroni, usiegeshe hapo hata dakika moja. Maporomoko yakiziba njia, rudi nyuma mbali na ukuta ndipo usubiri tingatinga. La pili hufuata la kwanza mara nyingi.

Ukishapita Kisoro njia inagawanyika, moja Bunagana kwa Wakongo, nyingine Kyanika kwa Wanyarwanda. Kote kuwili magari huendeshwa kulia. Kabla ya kupita mpaka wa Bunagana uliza hali ya usalama ya siku hiyo, kwa madereva wanaotoka huko, si kwa wanaokwenda.