TAHADHARI: Ukikuta boti imeshajazwa upepo na mashine ina joto, usitoe pesa

Ndugu zangu, nilishaamua kuyameza haya, lakini juzi nimeliona tena tangazo la yule mtu aliyeniuzia boti mbovu. Jina la akaunti ni jipya na namba ya simu ni mpya, ila turubai la bluu lililotandikwa chini ya boti ni lile lile, na kona yake iliyochanika ikashonwa kwa waya ni ile ile niliyoikanyaga siku ile. Anauza boti ndogo za mpira zenye tumbo gumu la faiba, zile ambazo kwenye matangazo huandikwa RIB, pamoja na mashine ya kufunga nyuma. Nilinunua moja kwake. Haikumaliza mwezi majini.

Simtaji jina, kwa sababu majina anayo mengi na pengine hakuna hata moja lililo lake. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana hilo halibadilishi.

Tangazo lilisema boti ya mita 4, mashine ya farasi 15, imetumika kidogo, iko tayari kushushwa majini. Bei ilikuwa chini ya wengine, lakini si chini ya kutia shaka, na hapo ndipo anapowazidi akili matapeli wengi. Video yake ilionyesha boti ikiruka juu ya maji na watu watatu ndani. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba boti ya kwenye video ina vishikio vitatu kila upande. Niliyouziwa mimi ina viwili.

Siku ya kwenda kuitazama aliniuliza saa kamili nitakayofika, kisha akanipigia mara mbili nikiwa njiani: umefika wapi, umebakiza kiasi gani. Nikaona huyu mtu ana adabu. Nilipofika, boti ilikuwa imejaa upepo mpaka ukiipiga kofi inalia kama ngoma. Akavuta kamba ya mashine mara moja tu, ikawaka. Hapo hapo nchi kavu, bila pipa la maji wala bomba, akaiacha ingurume kwa sekunde kumi hivi huku akiniambia, "Sikiliza mwenyewe, kaka." Nikasikiliza, nikafurahi. Akanong'ona kwamba kuna mtu anakuja saa kumi na pesa mkononi. Nikalipa.

Nikitafakari leo, alichoniuzia ni ile nusu saa ya kabla sijafika. Ndani ya nusu saa hiyo alijaza upepo na akaipasha mashine moto. Kila nilichokiona kilikuwa cha kweli, ila ukweli wenyewe haukuweza kulala hadi asubuhi.

Nianze na upepo. Boti ya aina hii haina tyubu moja mfululizo. Ndani imegawanywa vyumba, mara nyingi vitatu au zaidi, kwa kuta za kitambaa, ili kimoja kikipasuka vingine viendelee kukuelesha. Asubuhi ya kwanza nilikuta chumba cha mbele kimenywea kidogo. Nikapaka maji ya sabuni, nikaona vipovu kwenye valvu, nikasema hilo dogo, valvu inabadilishwa. Lakini upande wa kushoto nao ulikuwa umelegea, na huko nilipaka sabuni kila mahali, kwenye maungio, kwenye viraka, pembeni mwa valvu, nisione povu hata moja. Mwishowe nikafungua valvu ya mbele makusudi. Chumba cha mbele kikanywea, na upande wa kushoto ukanywea nao taratibu, kama vile ni mfuko mmoja. Ukuta wa ndani ulikuwa umechanika. Kiraka cha nje hakitibu ugonjwa huo, lazima fundi aifungue tyubu yenyewe. Na ningekuwa mbali na nchi kavu nikachomwa na mwamba mbele, ningepoteza mbele na kushoto kwa pamoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa, kwa sababu nilikuwa nimeshawapakia watoto wa dada yangu ndani ya kitu kile.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuachie boti ikiwa imenywea. Ijaze mwenyewe kwa pampu yenye geji, ufikishe kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha boti au karibu na valvu, ambacho kwa boti nyingi za aina hii ni kama bar 0.25 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Ilale hivyo usiku kucha. Ikishuka kidogo usimtuhumu bure: joto likipungua nyuzi 10, bar 0.25 inashuka yenyewe hadi karibu 0.21. Ikikaa tepetepe, hiyo ni habari nyingine. Kisha toa upepo chumba kimoja kimoja na ubonyeze jirani yake kwa kiganja. Anayekwambia hana muda wa kukulazia boti usiku mmoja ameshakujibu.

Kitambaa nacho alinidanganya. Aliniambia ni Hypalon, aina ya mpira wa kutengenezea tyubu. Hilo lilikuwa jina la biashara la kampuni ya DuPont, ambayo iliacha kuitengeneza kufikia mwaka 2010. Malighafi ya aina hiyo bado ipo, huitwa CSM, na watu wengi wanaendelea kuiita kwa jina la zamani, si kosa. Tofauti yake na PVC ni kubwa ukiwa na boti inayokaa juani. CSM ni mpira, hustahimili jua na petroli kwa miaka mingi. PVC ni plastiki, ni nyepesi na rahisi, na si mbaya ukiitunza, lakini ikichomwa na jua muda mrefu huanza kunata mkononi na maungio yake huachia. Ya kwangu ilikuwa PVC iliyopakwa rangi ya kijivu juu yake. Nilikwaruza kwa kucha chini ya kamba ya pembeni, mahali ambapo brashi haikufika vizuri, rangi ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na chini yake kidole kikanata. Tyubu ikiwa imepakwa rangi, uliza kwa nini. Na ujue kwamba gundi na viraka vya PVC havikamati kwenye CSM, wala vya CSM kwenye PVC, hivyo ukidanganywa kitambaa utadanganyika mpaka siku ya kukarabati.

Sasa mashine, na hapa nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye mashine, ondoa kava uguse bloku, yaani mwili wa chuma wa mashine. Ikiwa ina joto, kuna aliyeiwasha kabla yako, na amekunyima jambo muhimu kuliko yote, yaani namna inavyowaka ikiwa baridi. Mashine iliyochoka ikishapashwa huwaka kwa mvuto mmoja. Ya kwangu ikiwa baridi nilivuta kamba mpaka bega likavimba.

La pili, mashine ya aina hii hupozwa kwa maji inayoyavuta yenyewe, na kinachovuta ni impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi kilichomo kwenye mguu wake, ile sehemu inayozama majini. Ikizunguka pakavu huungua ndani ya muda mfupi sana. Sekunde kumi alizoniwashia ili nisikilize zilikuwa zinaitafuna impela ile mbele ya macho yangu, nami nimekunja mikono nimeridhika. Muuzaji anayeijali mashine yake ataitumbukiza kwenye pipa au ataifunga bomba la maji. Angalia maji yakitoka kwenye kile kijitundu cha pembeni, na iache iendelee dakika kumi na zaidi, si sekunde.

La tatu ndilo lililonifanya nijue kwamba hakukosea, alikusudia. Boti haikuwa inainuka. Nikiwa peke yangu ilijivuta ikapanda juu ya maji kwa shida, na nikiwa na watu wawili ililima maji pua ikiwa juu mbinguni. Fundi akatazama mahali penye kibati cha namba, kwenye mkono wa kufungia mashine kwenye boti, akakuta matundu mawili ya ribiti na alama ya mstatili mahali kibati kilipokuwa. Lakini baadhi ya watengenezaji hupiga namba hiyo hiyo pia kwenye kifuniko kidogo cha mviringo kilichozama kwenye bloku, na huyu muuzaji hakulijua hilo. Tulisugua chumvi kwa brashi, namba ikajitokeza, tukaipeleka kwa wakala. Jibu: farasi 9.9. Namba 15 iliyoandikwa kwenye kava ilikuwa stika tu. Mashine nyingi za 9.9 na 15 za kampuni moja hutumia bloku moja na kava linalofanana, tofauti ikiwa kwenye kabureta na njia za hewa, kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kibati kikikosekana, usinunue. Pia inaweza kuwa ya wizi, na hapo utapoteza pesa na kuitwa polisi juu yake.

Ndiyo maana nawaambia mtu anayechagua aanze na kibati cha boti. Kitaonyesha nguvu ya juu inayoruhusiwa, mara nyingi kwa kilowati, na farasi mmoja ni kama kilowati 0.75, kwa hiyo kilowati 11 ni karibu farasi 15. Usiipite. Lakini usishuke sana pia, kwa sababu boti ya tumbo gumu ni nzito na isipoinuka inakunywa mafuta bure. Pima na kimo cha ubao wa nyuma unaofungiwa mashine: mguu mfupi ni wa ubao wa sentimita 38 hivi, mrefu ni wa 51. Mguu ukiwa mfupi kuliko ubao, propela hunyonya hewa na mashine hupiga kelele bila kwenda popote.

Oili ya gia inachukua dakika mbili. Legeza skrubu ya chini ya mguu, acha tone litoke. Ya kwangu ilitoka nyeupe kama maji ya chokaa, maana yake sili imekufa na maji yanaingia kwenye gia. Ukiwa na fundi, apime komprasheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda, na zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 muulize kwa nini kabla ya kujadili bei.

Na ubao wa nyuma wenyewe, unaobeba mashine. Kwa boti nyingi ndani ya ile faiba kuna mbao, na maji yakipenya kwenye matundu ya boliti mbao huoza bila nje kuonekana. Inua mashine, shika mguu wake, uutikise juu na chini huku mwenzako akitazama ubao. Ukipinda hata kidogo, au faiba ikiwa na nyufa zinazotoka kwenye boliti, acha. Gonga kwa mpini wa bisibisi: penye afya hulia kavu, penye uozo sauti hufa. Tulipofungua boliti za mashine yangu, bisibisi ya fundi ilizama kwenye mbao kama inaingia kwenye sabuni iliyolowa, na maji ya kahawia yakachuruzika. Mashine ile ingeweza kung'oka na kutuachia tundu.

Umri wa boti pia aliudanganya, na hilo ningeliona pale pale ningejua. Tazama namba ya utambulisho, kwa kawaida huwa nyuma upande wa kulia. Boti nyingi za Ulaya na Marekani huishia na herufi moja na tarakimu tatu. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari. Tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ikiishia G708, ilitengenezwa Julai 2007. Ya kwangu aliniambia ina miaka mitano. Ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alinijibu vizuri kabisa, akasema "pole sana, nitakutumia fundi wangu." Mara ya pili akasema niliiona mwenyewe nikaridhika. Mara ya tatu namba yangu ilikuwa imefungiwa.

Kwenye hili tangazo jipya ameongeza jambo: anaomba malipo kidogo ya kuishikilia boti kabla hujaiona, eti wateja ni wengi. Msitume hata senti. Picha ya tatu, ukiikuza, utaona ubao wa nyuma umepakwa rangi nyeupe mbichi kuzunguka boliti nne, na mkono wa mashine umefunikwa kitambaa mahali pale pale panapotakiwa kuwa na kibati.

Kama umewahi kununua kwake, fungua kava usugue kile kifuniko cha mviringo, kisha uniandikie umekuta namba gani. Mimi nimehifadhi picha za matangazo yake yote mawili, pamoja na ile kona ya turubai.