Programu ya kula taratibu: kengele nzuri, hesabu mbovu

Niliiweka kwenye simu daktari aliponiambia presha inapanda, kilo zipungue. Ni ya bure, iko kwa Kifaransa, na haili mega nyingi, jambo ambalo hapa Bukavu mtu huangalia kwanza.

Hesabu yake ya kalori haifai. Ukiandika sombe, yaani majani ya muhogo, inakupa spinachi: kalori 23 kwa gramu 100. Spinachi! Sombe iliyotwangwa, ikachemka na mawese na karanga? Kijiko kimoja kikubwa cha mawese peke yake kinafika kalori 120, na sijamwona mama wa mtaani kwetu Kadutu anayetia kijiko kimoja. Sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, inawafanya sardini, halafu inakuomba upige picha ya lebo. Lebo gani, jamani? Mimi nanunua kwa bakuli, wanatoka ziwani.

Kilichonifanya nisiifute ni kengele. Ukianza kula unabonyeza, na katikati ya chakula simu inatetemeka na kuuliza: bado una njaa, au unamaliza sahani tu? Tumbo huchelewa kupeleka habari kichwani, kama dakika 20 hivi. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja na ndugu wengi, ambako ukizubaa unakuta mchuzi mtupu, tunakuwa tumeshavimbiwa kabla habari haijafika. Siku hizi najipakulia pembeni. Programu inashauri uweke uma chini kila unapotafuna. Uma wa nini, na bugali ni wa mkono? Basi nafinyanga tonge dogo, na silichukui lingine mpaka lile limeshuka. Mume wangu anacheka: "Mama watoto, leo unakula na simu?" Acheke, sketi ya kanisani imeanza kufunga.

Kuna pia daftari la njaa, unaandika kama unakula kwa njaa au kwa mawazo. Usiku umeme ukikatika, na mandazi yako karibu, naandika "mawazo" zaidi ya ninavyopenda kusema.

Toleo la kulipia linataka kadi ya benki, na pesa yangu iko kwenye simu, kwa hiyo sikuendelea. Naipa nyota tatu kati ya tano, zote za kengele na daftari. Sehemu ya kalori nimeizima. Mwenye kisukari anayepima insulini kwa kufuata chakula asitegemee namba zake hata kidogo.