Kiwanja cha mbwa chenye ua, Nyali: maoni baada ya miezi minne

Mbwa wangu, Jasiri, ni koko wa hapa hapa Mombasa, mwenye miguu mirefu na mbio ambazo ua wa nyumbani hauzitoshi. Zamani nilikuwa nikimpeleka ufukweni alfajiri nikiwa nimemshika kamba, kwa kuwa ufuo wa Nyali ni njia ya kila mtu, wakiwemo wavuvi na wazee wanaotoka msikitini. Siku moja kamba ilinichopoka, Jasiri akamkimbilia mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kumlamba mkono pamoja na pindo la kanzu. Mzee hakunitukana. Alilitazama pindo, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hii ndiyo kanzu ninayoswalia." Majirani zetu wengi hapa Pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya kubwa.

Kwa hiyo nilipoelezwa kwamba kipo kiwanja kilichozungushiwa ua, ambamo mbwa huachiwa huru kwa malipo ya shilingi 300 kwa saa, nilikwenda wiki hiyo hiyo, na nimekitumia tangu kaskazi ilipoanza kuvuma.

Kilichofanywa vizuri kuliko vyote ni lango. Yako malango mawili yenye nafasi ndogo katikati: unaingia la kwanza na kulifunga, unamfungua mbwa kamba, ndipo unapofungua la pili, hivyo hakuna mbwa anayeweza kuchomoka mgeni anapoingia. Kumfungua hapo kabla hajakutana na wenzake ni busara, kwa sababu mbwa aliyefungwa akizungukwa na walio huru huona hana pa kukimbilia, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya aume. Wavu wa waya unanipita kimo, na ncha yake ya chini imezamishwa katika saruji ili wanaopenda kuchimba wasipate upenyo. Upande wa njia ya miguu umefunikwa kwa makuti, na nimeshuhudia kina mama wenye mabuibui wakipita hatua mbili tu kutoka kwenye ua bila kushtuka wala kubwekewa. Kwangu mimi, makuti hayo peke yake yanastahili ile shilingi 300.

Mlinzi hamruhusu mbwa yeyote kuingia bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huo, na nimemwona akimrudisha mtu aliyekuja na gari la fahari. Namuunga mkono kabisa. Ugonjwa huo hauna tiba dalili zikishajitokeza, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nao ifikapo mwaka 2030.

Kasoro kubwa ni joto. Kiwanja hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani saa zile zile ambazo jua la Mombasa huwa kali. Kivuli ni cha mwarobaini mmoja, na ardhi ni changarawe ya matumbawe. Alasiri moja ya Februari niliweka kiganja changu chini nikashindwa kuhesabu hata hadi tano, huku Jasiri akiinua mguu mmoja baada ya mwingine, ulimi nje. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu mwingi huufanya mhemo huo usimsaidie sana. Wenye kiwanja wafungue saa kumi na mbili asubuhi, na wapande miti zaidi.

Maji nayo yamo katika beseni moja la wote, na majani marefu ya pembezoni yana kupe: nimewatoa wawili katikati ya vidole vya Jasiri. Mbwa wadogo hawajatengewa sehemu yao.

Kule Berkeley, Marekani, kiwanja cha Ohlone kimekuwapo tangu 1979, nacho ni cha umma. Natamani kaunti yetu itenge hata kimoja, kwa kuwa mwenye koko wa Kisauni au Likoni hawezi kulipa kila wiki.

Mimi nitaendelea kwenda, saa tatu kamili lango linapofunguliwa, nikiwa na maji yangu na bakuli, na saa nne tunatoka.