Kutoka Boila ya Gesi hadi Pampu ya Joto: Uzoefu Wangu Leicester

Boila ya gesi, yaani mtambo wa kupasha joto nyumba na maji, tuliyoikuta tuliponunua nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza, ilikuwa na umri wa miaka 19 ilipoanza kuzimika yenyewe katikati ya usiku wa baridi, na fundi aliyeitazama kwa mara ya tatu alituambia waziwazi kwamba vipuri vyake havipatikani tena. Hatukununua boila nyingine. Mnamo Novemba 2023 tulifunga pampu ya joto, mashine isiyochoma chochote, ambayo huvuna joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa ya baridi kali, na kulihamishia kwenye maji yanayozunguka katika rejeta za ukutani, kama vile friji inavyoondoa joto ndani na kulitoa kwa nyuma.

Kazi yote iligharimu pauni 12,800, lakini ruzuku ya serikali kwa wakazi wa England na Wales, iliyopandishwa mwezi mmoja kabla kutoka pauni 5,000 hadi 7,500, ilitubakizia pauni 5,300 za kulipa. Ruzuku hiyo huombwa na kampuni inayofunga mashine, si mwenye nyumba. Kampuni ya kwanza kututembelea ilitaka kutuuzia mashine ya kilowati 12 bila kupima hata chumba kimoja. Ya pili ilishinda asubuhi nzima ikipima kuta, madirisha na dari, ikaridhika na kilowati 7, na ikatutaka kwanza tuongeze sufi ya kuhifadhi joto darini.

Hesabu yenyewe haina huruma. Yuniti moja (kilowati-saa) ya umeme hapa huuzwa kwa takriban mara nne ya bei ya yuniti ya gesi, kwa hiyo pampu isipotoa angalau yuniti tatu za joto kwa kila yuniti ya umeme, hata boila chakavu kama yetu ina nafuu. Desemba ile pampu yetu ilitoa 2.6 tu, na kosa lilikuwa letu: tuliiendesha kwa mazoea ya gesi, tukiizima tunapokwenda kazini na kuiwasha jioni maji yakiwa yamewekwa nyuzi 55. Januari fundi alirudi, akashusha maji hadi nyuzi 42, akatuagiza tusiizime mchana wala usiku. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, aliweka kiganja juu ya rejeta, akaukuta uvuguvugu tu, akajitanda khanga ya pili juu ya sweta na kuniuliza, "Mwanangu, hii si imezimika?" Nilimwonyesha kipimajoto cha sebuleni kikisoma nyuzi 20. Hakukiamini, ila kufikia jioni ile khanga ya pili ilikuwa imekunjwa juu ya kochi.

Asubuhi zenye unyevu mashine ya nje huganda barafu, nayo huiyeyusha yenyewe kwa dakika chache ikitoa wingu zito la mvuke. Jirani aliwahi kutugongea mlango akidhani tunaungua.

Kuanzia Februari 2024 hadi Januari 2025 tulitumia yuniti 3,000 za umeme kwa joto na maji ya kuogea, mahali ambapo zamani tulichoma yuniti 14,000 za gesi. Kwa fedha tuliokoa kama pauni 230, na karibu nusu yake imetokana na kuondoa mita ya gesi, ambayo ilitutoza kila siku hata tusipoigusa. Anayetarajia kurudisha mtaji wake haraka atasikitika.

Gharama ambayo hakuna kampuni iliyotutajia ilikuwa jikoni. Kuondoa gesi kulimaanisha kununua jiko la umeme la sumaku, ambalo halipashi alumini, na sufuria zetu zote za wali tulizotoka nazo nyumbani ni za alumini. Sasa zimepangwa stoo, na chapati tunapikia chuma kizito nilichokinunua kwa pauni 18.