Mapazia ya plastiki na taima mpya kwenye koldrumu ya samaki: uzoefu wangu

Mwenye haraka asome hapa tu: kama chumba chako cha kugandishia kinaota barafu kwenye feni na darini karibu na mlango, nunua kwanza mapazia ya plastiki ya baridi kali na ubadilishe mpira wa mlango, halafu ndipo uanze kuzungumzia mashine. Mimi nauza samaki kwa jumla Dar es Salaam, mzigo wangu mwingi nauchukua soko la samaki la Feri alfajiri, na chumba changu nakiweka nyuzi 18 chini ya sifuri. Mapazia haya yamenipitisha joto la Januari na masika yote.

Hewa ya Dar imebeba maji, nadhani hilo halina mbishi. Ukifungua mlango, baridi inatorokea chini miguuni, hewa ya moto inaingilia juu, na unyevu wake unakwenda kujibandika kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote humo ndani, yaani koili, yale mabomba ya kupozea yaliyo nyuma ya feni. Unaanza kama unga mweupe, siku zinavyokwenda unashikamana na kuwa mgumu. Koili ikishazibwa, hewa haipiti, nyuzi hazishuki, kompresa haipumziki, na uniti za LUKU zinateketea huku samaki wa juu wameanza kulegea.

Mafundi wengi ukiwaita, neno la kwanza ni gesi. Utajaziwa, utalipa, na barafu itarudi palepale. Huyu wa mwisho hakugusa gesi kabisa. Alitoa noti ya elfu mbili mfukoni, akaiweka kati ya mpira na fremu, akafunga mlango, akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka bila hata kushikwa. Akarudia pembe ya chini, hivyohivyo.

"Mama, mashine yako nzima," akaniambia. "Unapoza mtaa."

Mpira tukabadilisha siku hiyohiyo, kazi ndogo. Mapazia ndiyo yanataka umakini, maana dukani yapo ya aina mbili na hapo ndipo watu wanapopigwa. Ya kawaida yanafaa chumba cha mboga au maziwa, cha nyuzi 2 hadi 4 juu ya sifuri. Ukiyapeleka kwenye baridi ya kugandisha yanakakamaa, kisha yanapasuka. Ya baridi kali yanabaki laini humohumo kwenye barafu, ila bei yake imechangamka. Muulize muuzaji waziwazi ni ya nyuzi ngapi, na akikujibu "yote sawa tu", muage.

Yangu ni vipande vya upana wa milimita 200 na unene wa milimita 2, kila kimoja kimempanda mwenzake nusu, kwa hiyo kijana akipita na kreti mwanya unajifunga nyuma yake. Ukiambiwa yagusane kingo tu ili kuokoa hela, kataa. Na yashuke hadi karibu na sakafu, kwa sababu baridi ni nzito na inatokea chini.

Tofauti niliiona darini kwanza. Zamani juu ya mlango palining'inia vijiti vya barafu, na kizingitini palikuwa na bamba ambalo vijana walilipiga kwa koleo ili mlango ufunge. Sasa darini ni sakitu nyembamba, kizingitini umande tu. Feni nayo ilikuwa inakwaruza barafu, unaisikia krrr, krrr hadi nje kwenye mzani. Imenyamaza. Umeme pia umepungua, lakini sitayapa mapazia sifa zote, maana taima nayo, ile saa inayopanga zamu za kuyeyusha barafu ya kwenye koili, nimebadilisha.

Ile ya zamani ilikuwa ya kuzunguka kama saa ya ukutani. Umeme ukikatika kwa saa tatu nzima, nayo inachelewa kwa saa tatu nzima. Zamu ya kuyeyusha barafu iliyopangwa saa nane usiku inaangukia saa kumi na moja alfajiri, hita inawaka, feni imesimama, na mlango uko wazi watu wanashusha mzigo! Hii ya kielektroniki ina betri ya kutunzia saa, tena ina kihisio kwenye koili: ikifika kama nyuzi 10 juu ya sifuri, hita inajizima yenyewe. Nimeipanga mara nne kwa siku, isizidi dakika 30. Kizuri zaidi, baada ya hapo feni inasubiri koili ipoe kwanza, isije ikapuliza matone juu ya mzigo. Wakati uko hapo, mwambie fundi akague na waya wa joto wa bomba la kutolea maji ya barafu iliyoyeyuka. Ukifa ule, maji yaliyoyeyuka yanaganda kwenye trei na kupanda hadi kwenye feni, na utamlaumu taima bure.

Chonde, barafu ya kwenye koili isichokolewe kwa bisibisi. Bomba la ndani ni jembamba. Ukilitoboa, ile gesi uliyokuwa unauziwa bila sababu sasa utaihitaji kweli.

Kasoro za mapazia zipo. Utelezi wa samaki unayashika, yanakuwa na ukungu na watu wanagongana, kwa hiyo lazima yaoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nasi tunaosha kila wiki. Yanapofika dukani yamekunjwa, hivyo mwanzoni yanapinda pinda. Na vijana hawapendi kupigwa usoni: wanayafunga pembeni kwa kamba. Nilikata kamba, wakaleta nyingine. Sasa nimemwambia msimamizi kamba ikionekana, anayebeba kreti siku hiyo ni yeye.

Nayapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya reli. Iliyokuja nayo ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na kwa upepo huu wa chumvi kutu imeshaanza kwenye matundu ya skrubu. Ukiagiza, dai ya stenlesi, na skrubu zake pia.