Nimelipia programu ya maneno marefu ya Kiingereza, pointi zimetoka kwingine

Niliipakua baada ya shemeji yangu kunifunga Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa kete za herufi, mara nne mfululizo. Hata hacheki akishinda, anakusanya kete tu na kuuliza, "Turudie?" Tangazo la programu liliahidi maneno ya kumnyamazisha mpinzani, nami nikalipia toleo kamili usiku huohuo.

Raha ipo, sikatai. Kila asubuhi unaletewa neno moja, maana yake na asili yake. Floccinaucinihilipilification, herufi 29: kulidharau jambo mpaka lionekane si kitu. Nililikariri siku mbili, nikitembea nalo mdomoni kama mtoto na shairi la shule. Kisha nikamwaga kete mezani nihesabu. Lina I tisa, na boksi zima la Kiingereza lina I tisa. C linataka nne, zipo mbili, kwa hiyo kete tupu zote mbili, zile zinazosimama badala ya herufi yoyote, zinaishia hapo. Ukimaliza kulipanga, linamwagika nje ya ubao, maana ubao una miraba 15 tu kwa upande.

Lile la herufi 45, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, linaelezwa kama ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la volkano. Sawa, lakini hawasemi kwamba lilibuniwa miaka ya 1930 na mpenzi wa mafumbo ili tu liwe refu. Kwa pesa niliyolipa, hilo lilipaswa kuandikwa.

Uncopyrightable ndilo lililonitesa zaidi. Herufi 15, hakuna hata moja inayojirudia, linaenea ubao kutoka ukingo hadi ukingo. Ila mkononi una kete saba, hivyo herufi nane ziwe zimeshakaa mstari mmoja zikikungoja. Bado nasubiri.

Kilichonisaidia kimefichwa ndani ya mipangilio: kichujio cha urefu. Nikaweka herufi saba na nane, kwa sababu ukishusha kete zote saba kwa mkupuo unapata pointi 50 za ziada. Nilipokishusha hadi herufi sita, nikapata pia maneno mafupi ya ajabu. Syzygy, kwa mfano, ni hali ya jua, dunia na mwezi kujipanga mstari mmoja. Lina Y tatu na boksi lina mbili, lazima utumie kete tupu. Nililiweka wiki iliyopita.

"Shemeji, hilo ni neno au kikohozi?"

Akapinga, tukafungua kamusi, akapoteza zamu. Hiyo peke yake naipa nyota tatu kati ya tano. Nyingine mbili zimeliwa na matangazo yanayoendelea kuchomoza hata ukishalipa, na sauti ya matamshi inayosoma kama imebanwa pua.

Mchezo uliofuata shemeji aliweka *bwana*. Nikaruka: hicho ni Kiswahili! Kamusi ya Kiingereza ikafunguliwa, limo. Zamu nikapoteza mimi.