TAHADHARI: Hiyo "Datsun ya Safari Rally" inayouzwa Arusha

Wapenzi wa magari ya zamani, msitume hela kwanza. Kuna jamaa anatangaza Datsun 1600 SSS (SSS ni lile toleo la kasi) nyekundu yenye boneti nyeusi, anadai ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970. Mimi nimeshapigwa milioni moja na nusu, eti "ya kushikia gari".

Kilichoniponza ni ufasaha wake. Anajua kwamba walioshinda mwaka ule ni Edgar Herrmann na Hans Schüller. Anajua mbio zilianzia Kampala, na kwamba Joginder Singh alishika nafasi ya pili kwa Datsun ya aina hiyohiyo. Yote kweli tupu. Ila gari lenyewe lililoshinda lilirudishwa Japani, na Nissan wanalo mpaka leo kwenye hazina yao ya magari huko Zama. Kulijua hilo ni kazi ya dakika tano, nami nilizitafuta dakika hizo baada ya kutuma hela.

Haya, tuuache ushindi. Hata hiyo SSS yenyewe si SSS! Fundi niliyekwenda naye, mzee aliyeanza kushika spana enzi za magari hayo, hakuhangaika kuingia uvunguni. Alifungua boneti, akafuta grisi kwenye bloku ya injini kwa kitambaa, akaniita: "Mwanangu, njoo usome." Imegongwa L13. Hiyo ni injini ya cc 1,300. SSS ina L16 ya cc 1,595 na kabureta mbili. Humo ndimo ilimotoka kasi yake, na kwenye barabara mbovu ikasaidiwa na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja lina springi yake na linacheza peke yake, wakati magari mengi ya saluni ya bei ile yalikuwa bado na ekseli moja ngumu inayoyafunga magurudumu yote mawili pamoja. Kwenye gari la huyu bwana kabureta ni moja tu, imefichwa chini ya kifuniko kikubwa cha hewa. Namba ya chasisi nayo inaanza na 510 kavu. Ya cc 1,600 hutanguliwa na herufi P. Nembo ya SSS kwenye grili nilipoigusa, gundi ilikuwa bado inanata.

Nikamuuliza. Akasema injini ilibadilishwa "baada ya mashindano". Na chasisi je, nayo ilibadilishwa? Hapo akakumbuka ana msiba Moshi. Simu haijapokelewa tangu siku hiyo.

Kitu kingine cha kumtambulia: picha ya kadi ya gari anayotuma imefunikwa kidole gumba palepale penye jina la mmiliki. Ukiomba nyingine, anatuma ileile.

Juzi nimeona picha zilezile kwa namba mpya ya simu, na bei imepanda. Mara hii gari limekuwa la Shekhar Mehta, mshindi wa Safari Rally ya 1973. Mehta mwaka huo aliendesha Datsun 240Z, gari la milango miwili ambalo wala si saluni kama hili la kwenye picha.